Fuvu la Fisi la Kidato cha Tatu

Mwalimu Malunde,

Mwangaluka. Najua hiyo ni salamu ya asubuhi na sasa ni mchana, lakini wewe ulitusalimia mwangaluka hata kipindi cha mwisho, jua likichoma bati, na mkuu wa shule akikukumbusha kwamba darasani ni Kiingereza tupu unacheka tu. Naandika nimekaa kwenye kiti chako, maabara. Biolojia ya kidato cha tatu nafundisha mimi sasa. Nimeachiwa chaki zako na koti lako jeupe, ila mifupa hakuna. Mkuu aliichoma yote nyuma ya vyoo wiki ile ile tuliyokuzika: mbavu za mbuzi, taya la punda, hata uti wa mgongo wa ng'ombe uliouunga kwa waya mwenyewe. Eti shule isije ikasemwa vibaya. Nilimwambia mbele ya walimu wote kwamba ni mwoga.

Kesi ni Jumatatu, Bariadi mjini. Mimi ni shahidi. Na mshtakiwa wa kwanza ni baba mdogo Shija.

Wewe hukuona yote, ulikuwa chini na damu machoni, basi acha nikueleze. Ulitoka Mwamapalala na baiskeli, mfuko wa sandarusi umeufunga kwenye keria. Ndani kulikuwa na fuvu la fisi alilokuokotea yule mchunga ng'ombe wa kule, siafu wamelila hadi likawa jeupe. Ulikuwa umelisubiri tangu mwaka jana kama mtu anayesubiri mahari. Pale kwenye mashine ya kusaga vijana wakakusimamisha, maana ng'ombe walikuwa wameibwa na kila mzigo ulikuwa unafunguliwa. Wakafungua. Mwalimu, ulizaliwa huku huku, ulisahau vipi? Kwetu fisi si mnyama tu. Fisi ni kipando cha mchawi. Na kijiji kilikuwa kimetoka kuzika watoto, mmoja wao kitinda mimba wa baba mdogo.

Mtu akapiga mwano. Nilikuwa kwenye foleni na debe langu la mahindi, yowe lile likanipita sikioni. Unajua mwano ukilia mwanamume anatoka na alichonacho, panga, rungu, mchi, na asiyetoka anahesabiwa pamoja na mwizi. Wanatoka kwanza, kuuliza ni baadaye. Siku hiyo hawakuuliza kabisa.

Na wewe! Nina hasira na wewe mpaka leo, nisamehe, lakini ninayo. Njia ya mtoni ilikuwa wazi. Kwa nini hukukimbia? Badala yake ukaliinua fuvu juu kwa mikono miwili, ukaanza kipindi. Kranio, ukasema, fuvu. Odonto, jino, tazameni hili la pembeni, ndilo linalovunja mfupa. Loo, Mwalimu! Unafundisha watu wenye mapanga! Baba mdogo akatoka katikati yao na rungu lake, akakupiga mdomoni, neno likiwa bado halijaisha. Ukaanguka. Baada ya hapo sikuweza tena kujua mkono wa nani ni upi. Nilijitupa juu yako, nikapiga kelele kwamba ni mwalimu, ni mwalimu wangu, hilo ni la darasani. Kitu kizito kikashuka kikanivunja mkono huu huu ninaoandikia. Wakanivuta kwa kanga, wakanitupa kwenye pumba. Nilipoinuka, kichwa chako hakikuwa na umbo la kichwa.

Hospitali, daktari aliyeupasua mwili wako alitoka akatusomea ripoti. Alisema hematoma, akasema kranio. Ndugu zako walisikia Kizungu wakasubiri atafsiri. Mimi nilisikia damu, uvimbe, fuvu, kabla hajafungua kinywa tena. Siku ile nilitamani usingenifundisha kitu.

Lakini ulinifundisha. Unakumbuka dume la ng'ombe la mahafali ya kidato cha nne? Ulimnyang'anya mpishi kisu, ukatuita tuzunguke ngozi. Usikate mfupa, ukasema, tafuta kiungo, kisu kitapita chenyewe. Arthro, kiungo. Kisha ukawa unanyanyua nyama moja moja, na anayeijua kwa Kigiriki ndiye anayeila. Hepa, ini. Kardia, moyo. Mimi nilipayuka nefro, ukanipa figo moja kwa moja kutoka kwenye makaa, ikaniunguza ulimi na sikuitema. Wenzangu walikuwa wanakariri biolojia kama dua wasiyoielewa. Baada ya siku ile neno likija refu namna gani, nililigeuza nikatafuta kiungo chake. Ndiyo maana leo ninasimama ubaoni.

Juzi niliandika hema, damu, na chaki ikakatika. Kisha Holo akanyoosha mkono. Holo binti ya baba mdogo, ndiyo, amekaa dawati la mbele, hakuna anayetaka kukaa naye. Akauliza kwa Kiswahili, Madam, kuua kwa Kigiriki ni nini? Watoto wote wakaangalia chini. Nikajibu saidi, ile ya mwishoni mwa pestisaidi, dawa tunayopulizia pamba. Halafu nikakumbuka hiyo ni ya Kilatini, na nikakusikia kabisa ukiguna kule nyuma. Nikamwambia sijui, nitatafuta. Akaandika hivyo hivyo, Madam atatafuta.

Nyumbani hakukaliki. Ukoo umekaa kikao, wakaniita. Shija ni baba yako, wakasema. Mwalimu ameshakufa, harudi. Sema ulifika mambo yameshaisha. Mama anachota maji huku analia, ananiambia mayu, mwanangu, watakuua na wewe. Na si maneno tu. Asubuhi moja nilifungua mlango nikamkuta mbwa wangu amekatwa shingo, amelazwa kwenye kizingiti kama mgeni aliyechoka. Nilimzika mwenyewe kwa mkono mmoja. Nilikuwa natukana muda wote, matusi ambayo ungenitoa nje ya darasa.

Nakuambia ukweli, baba mdogo namwonea huruma. Nilikuwepo akimshusha mtoto wake kaburini. Alikuwa amechanganyikiwa, anatafuta wa kumlipizia, na wewe ukamletea fisi mpaka miguuni. Huruma hiyo ninayo, nalala nayo na naamka nayo. Lakini wewe nawe si ulikuwa na mama? Yule bibi anakaa kwenye mlango wa nyumba yako kule Ipililo, majirani hawamsalimii, wanasema alizaa mchawi. Nikinyamaza Jumatatu, huyo naye ni zamu yake. Ninawajua watu wangu.

Autopsia, ulituandikia zamani. Auto, mwenyewe. Opsi, kuona. Ukasema Wagiriki hawakumaanisha maiti, walimaanisha kuona kwa macho yako usisubiri kuhadithiwa. Daktari aliona mwili wako. Mkono uliopiga niliuona mimi.

Kwa hiyo nakuaga, Mwalimu, na nakuahidi. Fuvu la fisi walilolichukua polisi litakuwa pale mezani kwa jaji, limefungwa lebo. Nitaulizwa kama nalijua. Nitasema nalijua, ni la kidato cha tatu, na nitawaonyesha lile jino ulilokuwa hujamaliza kulieleza. Kesi ikiisha nitaliomba, wakininyima nitarudi kuomba tena, hadi likae kwenye meza yako na Holo alishike kwa mikono yake. Kwa mama yako nitakwenda kila likizo, nikae naye pale pale mlangoni, watu watuone.

Kisha nitaulizwa nani alipiga wa kwanza. Sijui kusimama itakuwaje. Nitasema ni Shija, mdogo wake baba yangu. Yule aliyenipakia kwenye baiskeli siku yangu ya kwanza ya sekondari, akanisukuma kwenye tope lote lile mpaka mlangoni kwako, akavua kofia, akakuambia, Mwalimu, huyu anaogopa watu, mfundishe aseme.

Mwanafunzi wako,
Kabula