Fundo la kitenge limehama upande

Jumanne. Mvua imepiga Lubumbashi tangu asubuhi na kulaza vumbi jekundu la mtaa wetu. Nguo nilizoanika zimelowa tena, na leo sijali.

Leo nimepumua.

Niandike tangu mwanzo, maana kichwa bado kinaruka huku na huku. Mama yangu alikuja kutoka Kipushi kutusaidia kumlea Joëlle, binti yetu anayeanza kutembea. Kubeba mtoto mgongoni, hakuna anayemfikia: anainama, anarusha kitenge, anafunga fundo juu ya titi la kushoto, kazi imekwisha. Basi wiki chache zilizopita nikaona fundo limehamia kulia. Kesho yake vilevile. Nikamtania kwamba uzee umemchanganya mikono. Hakucheka, na mama yangu hucheka hata msibani.

Nilimfuata chumbani nikamuuliza. Akachukua mkono wangu, akaupeleka mwenyewe kwenye titi lake la kushoto. Kivimbe kigumu, kama punje ya mahindi makavu. Alikuwa nacho tangu kiangazi. Hakiumi, akasema, kwa hiyo asumbue watu kwa nini? Nilikasirika sana. Mume wangu anafanya kazi hospitalini, kwenye mashine ya echo, ile inayoonyesha ndani ya mwili. Msaada tunalala nao nyumba moja, na mama ananyamaza!

Akanijibu macho yakiwa chini: "Nitaenda kuvula nguo wapi, Sylvie? Kule ku machine njo kazi ya mukwe wangu."

Hapo nikamwelewa. Kwetu, Waluba wa kaskazini ya Katanga, ukwe si mchezo. Mama na mume wangu hawali pamoja, hawatazamani usoni. Akitaka kumwambia kitu anapitia kwangu, hata kama sote tumo sebuleni: mwambie bwana yako mvua inakuja. Mume wangu akipita, mama anageukia ukuta. Miaka yote nimeona ni kichekesho. Sasa heshima ileile ilikuwa inataka kunichukulia mama. Alikuwa tayari anapanga kurudi Kipushi akatafute majani ya kujitibu.

Jioni nikamweleza mume wangu. Nilidhani atasema hospitali haina mambo ya ukwe, mama aache utoto. Hakusema hivyo. Alisimama na sahani mkononi, akafikiri.

"Umwambie mama, ile siku mi sitafika ku kazi," akasema. "Ni Madame Odette njo atamupima. Mi nitabakia ku nyumba na mutoto."

Madame Odette ni mwenzake wa kazi. Na kweli, mume wangu aliomba ruhusa kwa mkubwa wake, akabaki.

Kwenye korido ya hospitali mama aliniuliza tena na tena mkwe wake yuko wapi. Nikamwambia yuko nyumbani, anasonga bukari, ule ugali wetu, huku Joëlle amemng'ang'ania miguuni. Mwishowe akaingia. Madame Odette alimpaka mafuta ya baridi kifuani, akatembeza chombo cha mashine polepole, hadi kwapani. Baadaye daktari akamchoma sindano kutoa kipande kidogo cha kupima. Tukaanza kungoja majibu. Sijawahi kungoja kitu vibaya vile. Niliunguza kila nilichopika.

Majibu yametoka leo. Ni kansa.

Baada ya neno hilo sikusikia kingine. Lakini daktari alikuwa bado anaongea, na mama ndiye aliyenibana mkono ili nisikilize. Ni ndogo. Haijafika kwapani. Tumekuja mapema. Watampasua, kisha zitafuata dawa, na daktari ana matumaini makubwa kwamba atapona. Akaongeza kwamba mwanzoni uvimbe wa namna hii mara nyingi hauumi, ndiyo maana wanawake wengi wanauacha ukue. Mama akainamisha kichwa kama mwanafunzi aliyekamatwa.

Tulipotoka, Madame Odette akaniuliza mimi nitakuja lini kupimwa, maana mimi na mama ni damu moja. Nikajibu kwamba kazi ni nyingi.

Uongo. Naogopa.

Tulipofika nyumbani mume wangu, ambaye leo pia alibaki na mtoto, alikuwa anaosha vyombo. Mama akasimama mlangoni mwa jikoni, uso kwenye ukuta. Nikangoja anipe maneno ya kupeleka. Hakunitazama hata kidogo.

"Mukwe wangu, aksanti," akasema. "Jeudi ubakie tena na mutoto. Bibi yako Sylvie naye aende kupimwa."

Tangu nimeolewa sijawahi kumsikia akimwambia neno. Mume wangu hakugeuka. Maji yaliendelea kumwagika juu ya sahani ileile.

"Ndiyo, mama," akajibu.

Nikaenda kulilia bafuni, kwa furaha na kwa hofu, sijui ipi ilizidi. Hawa wawili wameanza kuongea, na jambo la kwanza walilopatana ni mimi.

Alhamisi nitavaa blauzi ya vifungo, nitaenda.