Sufuria Yangu na Gari la Kitaliano

Jumamosi, 3 Agosti 1996
Nimefagia, nimekoroga uji, nimetafuta sufuria yangu kubwa. Haipo. Ile ya ugali wa kanisa! Nimeuliza mtaa mzima wa Jericho. Nimemshuku jirani, Mama Atieno, na simsalimii. Jioni ndipo nasikia ni Wafula, mwanangu wa kuzaa, ameipeleka gereji anakonyoosha magari. Ameipindua, anagonga alumini juu ya kitako chake. Nimewaka moto.

Jumanne, 6 Agosti
Nimeenda kuchukua changu. Nikaliona gari. La Kitaliano, la zamani, jekundu, milango miwili. La wakili mmoja wa Lavington, kwa matajiri. Liligongwa kwenye taa ya mbele. Wafula akanieleza mpaka nikasahau matusi niliyobeba. Mwili ni alumini nyembamba juu ya mabomba membamba, ndiyo maana ni jepesi. Injini ndogo, kabureta mbili, na linayaacha makubwa. Mgongo unateremka pole pole hadi nyuma, upepo usipate pa kushika. Na ule mviringo wa taa? Kalibu yake, umbo la kugongea alumini, haiko Nairobi hii. Iko sufuria yangu tu, aliyoifua marehemu baba yake kwa mkono na nyundo pale soko la Gikomba.
Nimerudi mikono mitupu.

Jumamosi, 17 Agosti
Limepakwa rangi, na sufuria imerudi nyumbani. Huoni lilipogongwa! Nimewatangazia akina mama wote. Kesho ni maonyesho ya magari ya zamani. Wakili ameahidi kumtaja Wafula mbele ya wenye magari, apate kazi. Nimempigia shati pasi mara mbili. Mimi na sufuria tunaenda pia.

Jumapili, 18 Agosti
Kalamu inatoboa karatasi kwa hasira. Wakili alisimama akasema kipande kile cha kando ya taa kimeletwa kutoka Utaliano kwa ndege. Kwa ndege! Wafula akaangalia viatu vyake. Nilivyolipiga pasi shati lile! Nikafungua leso, nikaipindua sufuria, nikaiweka kando ya taa. Mviringo ule ule.
“Mama, usiguse gari,” wakili akasema.
“Na wewe usiguse sufuria!”
Watu wakacheka. Mzee mmoja wa Kihindi, mwenye gari kama hilo, akapapasa sufuria, akapapasa gari, akauliza fundi ni nani. Wafula akasema jina lake, na la baba yake. Wakili mwongo akatugeuzia mgongo.
Njiani mwanangu hakunisemesha ila mara moja: “Mathe, umeniaibisha.” Mimi! Nimemwaibisha mimi!

Jumatano, 21 Agosti
Baridi. Nimepika ugali. Kitako cha sufuria kina mabonyeo, inayumba jikoni. Nimekataa inyooshwe. Wafula amekula sahani mbili. Halafu akaiosha sufuria mwenyewe, akaifuta, akaiweka mlangoni, imepinduliwa. Kesho yule mzee analeta gari lake gereji.
Nimetoka nikamsalimia Mama Atieno. Nimeazima sufuria yake.