Mfinyanzi Niliyemzuia

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwenye kuhuisha na kufisha, na rehema na amani zimfikie Mtume wake na jamaa zake.

Mke wangu mpendwa, mama wa Mwajuma,

Amani iwe juu yako huko ulikotangulia, nasi kwa idhini ya Mungu tutakufuata. Najua barua haifiki makaburini. Naiandika iwe wazi, nami nitaisoma kesho baada ya sala ya Ijumaa mbele ya watu wa Rumonge, kwa sababu kosa nililokutendea nililitenda mbele yao, na kesho hiyohiyo kuna watu wanaokuja kunitaka nilirudie kwa binti yako. Tangu adhuhuri nimeketi na kuinuka mara sijui ngapi. Wino unakauka kalamuni kabla sijapata neno.

Unakumbuka siku nilipokuona mara ya kwanza, kule mtoni Gatete? Ulikuwa ukitoa vyungu kwenye majivu ya nyasi, ukivigonga kimoja kimoja kwa kidole kilichokunjwa na kutega sikio. Kimoja ukakitupa. Nikakuuliza kina kosa gani, kwa kuwa sikuona ufa. Ukacheka: "Weye unasoma kitabu, miye ninasoma hii. Iko inalia vibaya."

Uliposilimu nikakuoa, niliwaambia watu kwamba katika dini yetu Mtwa, wa kabila lenu la wafinyanzi wanaodharauliwa, na mwana wa mwami, mfalme wa nchi, husimama safu moja. Nilisema vizuri. Kisha yakaja Maulidi, na wanawake wakakuwekea bakuli lako peke yako, kando ya mkeka, hali wali wao walikuwa wameupika katika chungu ulichokifinyanga wewe. Tuliporudi nyumbani ukaniambia, bila hasira: "Mwalimu, wanakula mu chungu yangu, lakini kula na miye hawataki."

Hapo ndipo nilipokosea. Badala ya kuwakemea wao, nilikukataza wewe. Nilisema haifai mke wa mwalimu kuonekana na udongo hadi viwikoni. Nilidhani ninakupandisha daraja. Nilidhani kazi yangu inapanda mbinguni na yako inaishia mtoni. Na mchana uleule nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi kwamba Mungu alimwumba baba yetu Adamu kwa udongo. Wewe ulikuwa nyuma ya ukuta, ukisikia. Uliosha mikono, ukatii. Sokoni hawakukuacha hata hivyo. "Mama Mwalimu, leo umefinyanga aya ngapi?" Ukawajibu: "Leta kwanza mtungi wangu unaochotea maji, ndiyo nikujibu."

Miaka saba ikapita, malale yakaingia, ugonjwa ule wa usingizi uletwao na mbung'o wa vichakani. Wadachi wakaamuru vichaka vya ukingoni vifyekwe na watu wa mtoni waondoke, na ndugu zako wafinyanzi wakahamishiwa juu, upande wa Bugarama. Nawe unaijua desturi yetu: mtungi uliomwagia maiti maji haurudi jikoni, huvunjwa kando ya kaburi. Tulizika wiki baada ya wiki mpaka mji mzima ukakosa mtungi. Tukaanza kuoshea wafu kwa debe la bati lililoleta mafuta ya taa kutoka Usumbura. Lilisuguliwa kwa majivu na mchanga, harufu haikutoka.

Ukaja ukasimama mlangoni pa darasa. "Mwalimu, nipe ruhusa. Siku tatu tu. Hawa wafu hawana wa kuwasemea." Nikakwambia ukumbuke wewe ni mke wa nani. Ukasema: "Niko mufinyanzi, Mwalimu. Hata nikiosha mikono, niko tu." Nikakigeukia kitabu changu.

Kabla ya mvua kurudi, usingizi ule ulikuchukua nawe. Nilipokupokea ndani ya kaburi, harufu ya mafuta ya taa ilikuwa katika sanda yako.

Sasa Mwajuma amejifunza udongo kwa dada yako, kule Bugarama. Ameposwa na karani wa boma, kijana mwenye adabu. Juzi mama yake kijana alikuja. "Mwalimu, binti yako iko muzuri, hatuna neno. Lakini vyungu aache. Mutoto wangu anaandika kwa Wadachi, watu watatucheka." Nikamwambia nitajibu Ijumaa. Alipotoka, Mwajuma akanijia: "Baba, nawe unasemaje? Useme weye, si kitabu."

Nimekipekua kitabu hata hivyo, ndiyo tabia yangu. Nuhu alichonga mbao, Daudi alifua chuma; hayo nayajua tangu ujana, na hayakunizuia kukuzuia. Watu wa mji huu wangeweza kukaa mwaka bila darasa langu. Hawakuweza kumwosha maiti mmoja kwa heshima bila mikono yako. Sisemi kufundisha neno la Mungu ni jambo dogo. Ningesema hivyo, nisingekuwa na la kusema juu ya miaka yangu arobaini ya kufundisha. Nasema sijui mizani hiyo iko wapi, nami nilijifanya ndiye mwenye kuishika.

Leo asubuhi nilimwambia Mwajuma kwamba sitamkataza, na kwamba nitaandika barua hii na kuisoma, karani na mama yake wakiwa wameketi hapohapo. Huenda posa ikavunjika. Anampenda kijana yule. Hilo sihitaji kuambiwa. Alijifuta macho kwa pembe ya kanga.

"Soma, Baba," akasema. "Akibaki, abaki akijua."

Nisamehe, mama wa Mwajuma. Mungu akunawirishie kaburi lako. Na kila atakayeisikia barua hii, Mungu ambariki yeye na watu wa nyumba yake, na kazi ya mikono yao aipokee, na asiwape mzee wa kuwazuia.

Mimi mumeo.