Kwa Baba Yetu Lau Kam-shing, Uliyeketi Wima kwa Ajili ya Suk-han

Baba, leo mwaka umetimia tangu utuache, na ule mwanzi wako wa kukandia tambi pale dukani Sham Shui Po bado hakuna anayeuweza. Maisha yako yote uliukalia, mguu mmoja juu, ukirukaruka hadi donge la unga lilainike. Nyonga ikapinda. Kiti kwako kikawa mahali pa kuchuchumaa tu, *mau*, bakuli mkononi.

Watu uliwajua kwa miili yao. "Mpelekeeni *hon bui* supu yake," ulizoea kusema, na mteja mwenye kibiongo alicheka kabla yetu. Mtu akitikisa mguu, *ngan geuk*, ulimkemea hata kama humjui: "Tuliza mguu wewe, unamwaga bahati!" Hukuwa na ubaya na mtu, lakini mdomo wako ulitutoa jasho.

Ndiyo maana siku ya kwenda kuonana na wakwe, Suk-han alikushika mkono mlangoni.

"Baba, nakusihi. Usichuchumae, na usiseme mwili wa mtu. Wakinikataa, uso wangu nitauficha wapi?"

Ukaketi wima. Samaki akaja, kuku akaja, wewe wima vilevile, maumivu yamekukunja uso. Mara vikombe vikaanza kugongana mezani. Bi Kwok Lai-ngo, mama wa kijana, alikuwa anatikisa mguu! Mama yetu akakukanyaga chini ya meza. Suk-han akaacha kula. Ulifumba mdomo mpaka masikio yakaiva.

"Mzee Lau," Bi Kwok akauliza, "mbona umejikaza hivyo? Hukupenda chakula, au hukutupenda sisi?"

"Ni huyu binti," ukasema. "Kanikataza kuchuchumaa. Na habari ya mguu wako kanikataza pia."

Tukajua harusi imekufa. Mguu ukatulia. Bi Kwok akainamisha kichwa.

"Ni woga tu," akasema polepole. "Mguu wangu unatetemeka tangu asubuhi. Nilidhani mtamkataa mwanangu."

"Nani amkatae!" Ukapanda kitini, ukachuchumaa, ukammiminia chai. "Tikisa, mkwe, tikisa. Bahati ikimwagika hapa, inabaki kwetu."

Unakumbukwa na mkeo Mui-fong, mwanao Chi-keung, binti yako Suk-han na mumewe Wai-lun, na Bi Kwok, aliyetuomba tuandike kwamba amekulilia kama kaka yake wa tumbo moja.

Hatutakusahau, Baba, kamwe.