Nyimbo Alizoniletea Emong

Malaba, Ijumaa.

Kwako dada yangu Petronilla,

Nakusalimu nikitumaini karatasi hii itakukuta mzima, mkono wako umenyooka vizuri, na mwanao Velma anakula na kikohozi kimemwachilia. Sisi huku tuko. Mama anapalilia mtama, goti linamsumbua, lakini ukimwambia apumzike anakasirika. Mimi bado naandika karatasi za malori pale mpakani, na madereva bado wananiita mwalimu.

Utashangaa kwa nini nimeshika kalamu. Simu yangu haina siri tena, dada. Ndiyo maana nimempa Mama Euphrasia barua hii, anavuka nayo mpaka mchana huu pamoja na mayai yake.

Jumatano mume wako Otukei alikuja nyumbani. Hakupiga kelele kama siku ile alipokuvunja mkono. Aliketi, akanywa chai, akamwuliza mama kama kikohozi cha Velma kimepungua. Mama akamjibu kwamba hana habari ya kikohozi. Ni kweli, hakuwa nayo. Tulijua wawili tu, wewe na mimi, kwenye meseji.

Nilikimbilia kwa Aluka, fundi wa simu. Aliikagua, akaniuliza nani aliniwekea ile app ya nyimbo za kanisa za Kiteso. Nikasema ni Emong, ndugu yetu. Unakumbuka simu hii niliinunua ng'ambo, Uganda, na app ya kazi haikupatikana kwenye duka la app kwa sababu simu ilidhani mimi ni Mganda. Hapa Malaba hilo si jambo. Mwenzako anakutumia faili, simu inakuonya, unabonyeza ruhusu, unaendelea na kazi. Basi Emong alipokuja na nyimbo zake baada ya misa, sikuona ajabu. Na nyimbo zimo kweli. Ila app hiyo inaiba meseji: kila ninachoandika, Otukei anakisoma.

Aluka anasema wenye kutengeneza simu wangefunga huo mlango kabisa, watu wachukue app dukani tu. Nilimwambia wakifunga leo, kesho mimi sina kazi. Simu ni yangu na mlango ni wangu. Sikujua tu kwamba atakayeniuza ametoka tumbo moja na mimi.

Nilimwendea Emong. Hata hakukana. Alisema Otukei anataka ng'ombe wake wa mahari warudi, na ng'ombe hao ndio aliowatoa yeye kwa wakwe zake alipooa. Wewe ukirudi kwa bwana yako, na yeye atabaki na mke wake. Alisema hivyo huku anakula ugali. Dada, huyo nilimbeba mgongoni. Imeniuma, na sijui nitamwita nani sasa.

Nami niseme langu. Siku ile simu iliniuliza kama naruhusu app isome meseji zangu. Nilisoma vizuri, nikajiuliza nyimbo zinataka meseji za nini. Emong akacheka, akaniuliza kama nimeanza kumwogopa ndugu yangu. Nikaona aibu, nikabonyeza. Tena uliniambia nisiwahi kuandika jina la hapo mlipo. Niliandika mara moja, siku ya kutuma dawa ya Velma. Kwa hivyo wanapajua. Nisamehe ukiweza.

App sijaitoa. Leo asubuhi nimekutumia meseji ya kuwapoteza, nikishukuru kwamba mmehamia Khunyangu, kule Butula, salama. Jibu tu kwamba mmefika, usiongeze neno. Saa nne Emong amekuja kumuaga mama, eti kesho anaenda Butula na rafiki kutazama shamba. Mama amemwombea safari njema. Hama kabla hawajarudi.

Mwambie Velma mama yake mdogo anamkumbuka. Mama naye anakusalimu sana. Kila asubuhi anaomba simu yangu aimbe na zile nyimbo, na anamshukuru Emong kwa jina. Sijapata moyo wa kumwambia.

Ni mimi mdogo wako,
Akwii