Miti Uliyoiacha Imesimama

Kumbukumbu ya Mzee Obadiah Nyangau, 1974

Mwaka mmoja umezunguka, Tata, baba yetu, tangu asubuhi ile ya mvua ulipoomba uji, ukaonja kidogo, ukamwambia Mama, "Mpe Nyaboke, mimi nimeshiba." Hukuomba kitu kingine tena. Mahindi uliyoyapanda wewe tuliyavuna sisi.

Leo tunazungumza nawe, na majirani wasikie, maana mambo ya bonde letu hayajatulia, na zamani wewe ndiye uliyekuwa ukiyatuliza.

Tunakumbuka ulivyotusimulia kuhusu kuja hapa. Kule kwenu juu ya Keroka ndugu walikuwa wengi, na kila mmoja alikuwa na kipande cha shamba ambacho kuku angekivuka bila kuchoka. Wazee wa ukoo wakakuonyesha bonde hili. Lilikuwa msitu mtupu, baridi, ukungu hauondoki mpaka jua liwe juu, na nyani wakikohoa kwenye miti kama watu. Wazee walikuwekea sharti moja tu: atakayekata na kulima, hapo ni pake. Ulikuja na shoka lako, panga na chungu kimoja, Uhuru ukiwa unakaribia. Mama alikuja nyuma yako akiwa amembeba Nyaboke mgongoni, na Nyasani, kifungua mimba wenu, akikokota mbuzi, Bochaberi akimfuata.

Mogire alifika baadaye, akakata shamba lake likapakana na letu. Wewe ndiye uliyemwita, kwa sababu mlichunga ng'ombe pamoja mkiwa watoto. Migomba yake ya kwanza ilitoka kwenye shina lako. Siku za risaga, majirani walipokusanyika kumlimia mmoja leo na mwingine kesho, kila mwenye shamba alitoa pombe. Wewe ulitoa uji, na Mogire hakukuachilia.

"Nyangau, kwako mtu anakata miti tangu alfajiri, kisha anapewa uji kama mtoto anayeota meno!"

"Kunywa, Mogire," ulimjibu. "Leo utaiona njia ya kurudi kwako bila kuuliza mtu."

Watu walicheka mpaka wakaweka majembe chini.

Ulikata msitu, Tata, lakini hukuumaliza. Kule chini kwenye chemchemi uliiacha miti imesimama, mikubwa kwa midogo. Ulisema maji yanataka kivuli. Wanawake wa bonde lote waliteka pale, na hakuna aliyeulizwa ametoka kwa nani. Mogire alikutania, "Wenzako tunafuga ng'ombe, wewe unafuga nyani." Hukuona ubaya wowote kwenye maneno hayo. Wala sisi hatukuuona.

Tunaikumbuka sana Ijumaa yako. Kabla jua halijazama uliosha miguu mtoni, ukalipangusa shoka kwa majani ya mgomba, ukaliweka nyuma ya mlango, makali yakitazama ukuta. Lilikaa hapo mpaka Jumapili asubuhi. Mtu alipokuja kuliazima siku ya Sabato, ulimwambia kwa upole, "Limelala. Njoo kesho."

Kisha ukaja mwaka wa kupima mashamba. Barazani walitangaza kwamba wapimaji wangeingia bondeni kwetu wiki inayofuata, na kila mtu asimame kwenye mpaka wake auonyeshe. Wewe ulifyeka vizuri mpaka wako ili waupitie bila shida. Lakini wapimaji hawakungoja wiki inayofuata. Walikuja Jumamosi.

Siku hiyo tulikuwa kanisani, sote kwenye benchi moja. Mwalimu wa somo alikuwa amefika katikati tuliposikia mashoka. Sauti ilipanda kutoka bondeni, moja, halafu nyingine, kama watu wanaoitana. Mama aliinua kichwa.

"Baba Nyasani, hayo mashoka yako kwetu."

"Nimesikia."

"Ni kule chini, kwenye maji."

"Nimesikia, Mama Nyasani. Funua kitabu."

Nyaboke alikuwa amekaa kati yenu. Aliona mkono wako ukishika ukingo wa benchi. Lakini hukuinuka. Uliimba wimbo wa mwisho mpaka aya ya mwisho, ukawasalimu wazee wa kanisa, ukarudi nyumbani kwa mwendo wako wa kila siku.

Ulikuta vigingi vimeshapigwa. Wapimaji walikuwa wameuliza ni nani anayelima kule chini, na Mogire akawajibu kwamba hakuna, pale ni pa nyani tu, yeye ndiye aliyeanza kukata. Visiki vilikuwa bado vinatoa utomvu. Kwa sharti lile la zamani aliyekata ndiye mwenyewe, na wao waliona aliyekata. Chemchemi na miti mingi ikaenda upande wake. Kwetu kamba ya wapimaji iliacha ukanda mwembamba tu wa miti, kama pindo la shuka.

Ulikwenda mjini kulalamika. Ulitusimulia mwenyewe jioni, tukiwa tunakula. Karani alikuuliza, "Mzee, siku ya kupima ulikuwa wapi?" Ukasema, "Kanisani." Akasema, "Basi ungemwomba Mungu akushikie kamba." Ulicheka, Tata, lakini ulicheka peke yako. Mama aliinuka akatoka na sufuria ambayo haikuwa na haja ya kuoshwa.

Tuseme ukweli, kwa sababu hukupenda maneno ya kupakwa mafuta. Nyumba yetu iliugua baada ya siku ile. Nyasani alikuwa kijana tayari, anangoja kuonyeshwa mahali pa kujenga, na kila alipotazama kule chini aliona sehemu yake ikiwa mikononi mwa mtu mwingine. Alikwambia mbele yetu, "Tata, ungesimama tu. Usingeshika hata shoka. Ungesimama tu wakuone." Uliendelea kuchambua majani ya chai, lakini uliyachambua vibaya, ukitupa mazuri pamoja na mabaya.

Mogire aliikata miti yote ya upande wake. Mwaka haukupita, chemchemi ikawa tope, na kiangazi kilipokuja tope nalo likakauka. Maji yalihamia kwetu, yakachuruzika chini ya ule ukanda mwembamba. Siku moja Persis, mke wa Mogire, alikuja na debe akasimama mbali kwenye migomba, macho yakiwa chini. Ulimwona.

"Shemeji, mbona unasimama huko kama mgeni?"

"Naogopa, shemeji. Nyinyi mnajua kwa nini."

"Mimi najua una debe tupu. Maji hayakuwepo siku ya kupima. Njoo uteke."

Tangu hapo anateka. Nyasani alikuwa akiinuka na kuingia ndani kila alipomwona.

Tulipokuzika, Mogire alikuja na jembe lake kuchimba kaburi pamoja na majirani. Nyasani alimzuia kwenye kichaka cha mpakani. Mama alitoka katikati ya wanawake, na uso wake haukuwa umelowa. "Mwacheni," akasema. "Alianza kuchimba udongo huu na baba yako. Amalize naye." Mogire alichimba bila kuinua kichwa, na alipomaliza aliondoka bila kula.

Mwaka huu Nyasani ameoa, na anataka kupanda chai mpaka kwenye mpaka. Amesema mara nyingi, "Miti ile ndiyo iliyotunyang'anya shamba. Tungeilima yote, nani angethubutu kusema ni pa nyani? Sitawaachia watoto wangu msitu ili nao wapimwe wakiwa wanaomba." Mama amemwambia cheti cha shamba kimekwisha kutoka, hakuna kamba itakayopita tena. Nyasani anasema hata Tata alidhani hivyo.

Sabato iliyopita tulikuwa kwenye benchi letu. Nyasani hakuja, alisema mkewe anaumwa. Wakati wa maombi, watu wote wakiwa wamefumba macho, lilisikika shoka. Lilikuwa moja tu, na lilitoka bondeni, kule kule. Nyaboke alifumbua macho akamwona Mama anasimama. Kanisa zima lilikuwa limepiga magoti, na yeye peke yake alikuwa wima, akifunga leso yake. Alipita katikati ya watu akatoka. Nyaboke akamfuata.

Njiani Mama hakusema kitu ila, "Safari hii Mogire atanikuta." Alikuwa karibu kukimbia, na viatu vyake vya kanisani vilijaa tope.

Hakuwa Mogire. Alikuwa Nyasani, na shoka lilikuwa lako. Alikuwa amelianza shina la ule mti mkubwa ulio juu ya maji, na vipande vyeupe vilikuwa vimetapakaa chini. Persis alisimama upande wa pili na debe lake, hawezi kusogea wala kuondoka.

"Nyasani," Mama akasema, "leo ni siku gani?"

"Ni siku waliyotukatia wao, Mama."

Mama aliketi juu ya mzizi ili apate pumzi. Kisha akamwambia maneno ambayo hatukuwahi kuyasikia ukiwa hai.

"Baba yako aliyasikia mashoka akabaki kanisani. Nilikaa karibu naye, na siku ile nilimchukia. Nimemchukia miaka, hata nikimpikia. Leo nimelisikia shoka nikatoka, jambo ambalo yeye hakulifanya hata kwa shamba lake. Usinifanye niwe nimetoka bure."

Nyasani aliliteremsha shoka, akaondoka nalo akipanda mlima bila kutazama nyuma. Persis aliweka debe chini, akachota tope kwa mikono miwili, akalipaka jeraha la mti. Mama akashuka, akachota naye. Walipaka pamoja bila kusemezana mpaka weupe wote ukafunikwa.

Tunakueleza haya, Tata, kwa sababu hatujui kama ungefurahi. Wazee wa kanisa wamemwuliza Mama kwa nini alitoka katikati ya maombi. Amewaambia alikuwa na kazi yako iliyobaki. Nyasani hajasema kwamba hatakata. Lakini Ijumaa hii tuliona kitu. Kabla jua halijazama alilipangusa shoka kwa jani la mgomba, akaliweka nyuma ya mlango, makali yakitazama ukuta.

Mti bado umesimama. Kama utapona, mvua zitatuambia.

Wanaokukumbuka ni mke wako Tryphosa. Watoto wako Nyasani na mkewe Orpah, Bochaberi aliyeolewa Nyacheki, na Nyaboke. Na dada yako Bosibori wa Keroka. Persis ameomba naye atajwe. Nyasani alinyamaza tulipomwuliza, nasi tumemtaja.

Likilia shoka tutakukumbuka, Tata, na likinyamaza tutakukumbuka.