Vibuyu viwili hadi Dar

Mjukuu wangu Bhoke,

Marahaba, shikamoo yako imefika Ringwani. Tu wazima, na yule ng'ombe wako mweusi amezaa ndama jike.

Unauliza kama nitaweza kukaa saa moja na nusu angani, Mwanza hadi Dar, nije kwenye mahafali yako. Wewe! Mimi nilipanda ndege miaka ya hamsini, ningali msichana. Shangazi yangu alilazwa Mwanza akihitaji damu, na daktari mmoja akatupa nafasi, mimi na baba, kwenye kindege chake pale Musoma. Kwa basi ilikuwa safari ya siku nzima, kwa hiyo baba alibeba ugali wa kutosha. Mimi nilipakata kibuyu cha maziwa ya mgonjwa, nikakitikisa njia nzima kama nyumbani, ili siagi ijitenge.

Tulipotua, baba akakataa kushuka.

"Siagi imejitenga?"

"Bado, baba."

"Basi hatujafika. Safari gani hiyo inayokwisha kabla ya siagi?"

Nikachungulia, nikaona mawe yale makubwa ya Mwanza tuliyokuwa tukisimuliwa. Sikuwa nimewahi kumbishia baba. Siku hiyo nikamshika mkono: "Shuka, baba. Tumeishinda siagi!"

Alishuka, akatoa damu. Siagi niliimalizia kando ya kitanda, na shangazi akailamba kidoleni mwangu huku akicheka.

Kwa hiyo Dar ni kutikisa vibuyu viwili tu. Nakuja. Wewe nunua mkate.

Bibi yako,
Gati